Tiki, hatua, kiwango au mizani: njia nne za kusahihisha hisabati, na ipi ikufae

Jumamosi moja ya kusahihisha mtihani wa ujirani mwema, ule unaofanywa na shule jirani kwa pamoja, tulikuwa walimu tisa ndani ya darasa huku Chumbageni, Tanga. Madirisha wazi, upepo wa bahari unataka kutuchukulia karatasi, kila rundo limekaliwa na jiwe. Mwenzangu wa upande wa pili wa meza akanisogezea karatasi: "Hebu mwalimu, hili ungelipa ngapi?" Nikalisoma, nikasema tano. Yeye alikuwa amelipa mbili. Swali la maksi 6, mwongozo uleule, chai ileile. Tulibishana mpaka vitumbua vikapoa ndipo tukagundua kwamba hatukuwa tunabishana juu ya mwanafunzi. Kila mmoja alikuwa anasahihisha kwa njia yake, na hakuna aliyekuwa amelisema hilo kabla ya kufungua kalamu nyekundu.

Ugonjwa huu haukuanzia Tanga. Mwaka 1913 huko Marekani, watafiti Daniel Starch na Edward Elliott waliwapelekea walimu zaidi ya 100 karatasi moja ya jometri, ya mwanafunzi mmoja. Maksi zilizorudi zilianzia chini ya 30 zikavuka 90 kwa mia. Hiyo ni jometri, wala si insha. Na kwetu pengo dogo tu linatosha kumuumiza mtoto: kwa viwango vya Baraza la Mitihani, D ya kidato cha nne inaanzia 30, C inaanzia 45. Mwenye 29 ana F.

Kwa hiyo kama idara yako imekwama kwenye swali la "tusahihishe vipi", hizi hapa njia nne.

Vigezo kwanza

Kila njia nitaiuliza maswali matano. *Haki*: maksi zinafuata kile mwanafunzi anachokijua, au zinafuata bahati? *Uthabiti*: mwalimu mwingine, au mimi mwenyewe saa tano usiku, angetoa maksi zilezile? *Muda*: rundo litaisha lini? *Darasani*: karatasi ikimrudia mwanafunzi, inamfundisha chochote? *Utetezi*: mzazi akija na karatasi mkononi, una cha kumwonyesha?

Tutatumia swali moja kwa njia zote. Kwenye mtihani lingeandikwa kwa Kiingereza. Hapa naliweka kwa lugha ya chumba cha walimu:

*Shamba la machungwa la umbo la mstatili huko Muheza lina eneo la mita za mraba 120. Urefu unazidi upana kwa mita 7. Tafuta upana. (Maksi 6)*

Na tuna wanafunzi wanne.

Wa kwanza kaandika mistari miwili tu: 8 × 15 = 120, na 15 − 8 = 7, basi upana ni mita 8. Hakuna x popote.

Wa pili kaandika x(x + 7) = 170. Ile 2 ya 120 kaiona 7. Akaendelea: x² + 7x − 170 = 0, akapata (x + 17)(x − 10) = 0, akatupa −17, akasema upana ni mita 10. Kila kitu safi isipokuwa tarakimu moja aliyoinakili vibaya.

Wa tatu kapata 8 na −15 kwa njia sahihi kabisa, kisha akamalizia: "upana ni 8 au −15".

Wa nne kajumlisha badala ya kuzidisha: x + x + 7 = 120, upana mita 56.5.

Njia ya kwanza: tiki au kosa

Unaangalia jibu la mwisho. Ni 8? Tiki, maksi 6. Si 8? Mkasi, yaani X, na sifuri.

*Haki.* Kwa swali la hatua moja, njia hii haina ubaya wowote. Ukimwambia mtu aandike 0.00047 kama namba kati ya 1 na 10 mara kipeo cha kumi, amejua au hajajua. Kwa swali letu la shamba hali ni nyingine: aliyenakili vibaya tarakimu moja anapata sifuri sawa na aliyejumlisha pande mbili akadhani amepata eneo. Tena jibu la mwisho ndilo jepesi kuliko yote kuibwa. Namba moja inasafiri madawati matatu kwa kunong'onwa. Mistari sita ya kazi haisafiri.

*Uthabiti.* Hapa haina mpinzani. Hata mashine inaweza, na ndiyo maana mtihani wa darasa la saba ulipoingia kwenye kusahihishwa kwa mashine mwaka 2012, karatasi ikawa ya kuchagua jibu. Ila usidhani tiki haina ubishi kabisa. Duara lenye nusu kipenyo sentimita 10: aliyetumia 3.14 kapata 314, aliyetumia 22/7 kapata 314.29. Mwongozo usiosema lolote juu ya hilo unazaa walimu wawili wenye majibu mawili sahihi.

*Muda.* Darasa la wanafunzi 120 na mtihani wa maswali 14 ni majibu 1,680. Kwa sekunde kumi kila moja, saa nne na dakika arobaini. Unamaliza, unakwenda kunywa kahawa.

*Darasani.* Ni bubu. Mkasi mwekundu haumwambii mtoto alipotelea wapi.

*Utetezi.* Mwepesi kwako, mchungu kwa mzazi.

Njia ya pili: maksi kwa hatua

Hii ndiyo wengi wetu tumelelewa nayo. Mwongozo unagawa maksi 6 kwa mistari ya kazi. Kwa shamba letu tuligawa hivi: kuunda mlinganyo x(x + 7) = 120, maksi 1½; kuupanga kuwa x² + 7x − 120 = 0, maksi 1; kutafuta vigawo au kutumia kanuni, 1½; kupata thamani mbili, 1; kuitupa −15 na kutaja upana, 1.

*Haki.* Njia hii inalipa fikra, hailipi bahati. Lakini ubora wake wote unasimama juu ya kanuni moja ambayo miongozo mingi huisahau kuiandika: kosa moja liadhibiwe mara moja tu, si kila mstari linapojitokeza. Karatasi iliyonigombanisha na mwenzangu ilikuwa ya mwanafunzi wa pili, yule wa 170. Mwenzangu aliushika mwongozo neno kwa neno. Mlinganyo haufanani na wa mwongozo, sifuri. Uliopangwa haufanani, sifuri. Vigawo havifanani, sifuri. Akampa 1 kwa kujua majibu ni mawili na 1 kwa kutupa la hasi. Mbili. Mimi nilimkata maksi 1 pale aliponakili vibaya, kisha nikaendelea kusoma kama vile swali limesema 170, kwa sababu kuanzia hapo kazi yake ni ileile, ngumu vilevile, na ameifanya bila kasoro. Tano. Mwongozo ulikuwa kimya, kwa hiyo kila mmoja alijaza ukimya ule kwa tabia yake.

Kanuni hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe uandikwe pia. Mwanafunzi wa nne naye amefuata kosa lake vizuri hadi mwisho, lakini kosa lake limeliua swali: mlinganyo wa kipeo cha pili umegeuka kuwa wa kujumlisha na kugawa kwa mbili. Ukimlipa kwa kufuata kosa utakuwa umemlipa kwa swali jepesi alilojitungia. Sisi tulimpa ½ kwa kutambua kwamba pande ni x na x + 7, tukaishia hapo. (Ingawa nikikaa na wa aina yake huwa nakuta shida si hesabu, ni Kiingereza cha swali. Hilo halitibiwi na njia yoyote kati ya hizi.)

Angalia na maswali ya "onyesha kwamba", ambapo jibu limeshatolewa. Huko mstari wa mwisho usiwe na maksi peke yake, maana wapo mafundi wa kuanza na jibu, wakapanda juu kinyumenyume, wakakutana na kazi yao katikati kwa ishara iliyobadilika kimiujiza.

Aibu ya njia hii ni mwanafunzi wa kwanza. Amepata jibu, amelithibitisha kwa masharti yote mawili, lakini mwongozo hauna mstari wake. Ukiufuata kama msahafu anaondoka na maksi 1, akiwa amelielewa shamba lile kuliko wengi waliojaza ukurasa.

*Uthabiti.* Mzuri sana kama walimu wameshasahihisha pamoja karatasi tano au kumi za kwanza. Bila hapo, umeona: mbili na tano.

*Muda.* Dakika moja kwa kila jibu, majibu 1,680, ni saa 28. Siku tatu au nne za kazi na bado una vipindi.

*Darasani.* Haina mfano. Ukiandika ½ pembeni ya mstari wa pili, mtoto anajua ajali ilitokea mstari wa pili.

*Utetezi.* Mama mmoja wa Makorora aliwahi kunijia na karatasi imekunjwa mara nne. "Mwalimu, mwanangu kakosa nini hapa?" Nikamshika kidole mstari kwa mstari, hapa moja, hapa nusu, hapa alisahau kutupa hasi. Hajasoma hisabati hiyo, lakini alifuata hesabu ya maksi mpaka mwisho, akakunja karatasi, akashukuru. Kwa njia nyingine tatu sijui ningemwonyesha nini.

Njia ya tatu: kusoma jibu zima kwa viwango

Hapa huhesabu mistari. Unasoma jibu lote, kisha unaliweka kwenye ngazi iliyoelezwa kwa maneno. Kwa maksi 6: maksi 5 hadi 6, njia sahihi imefika mwisho, dosari kama ipo ni ndogo; 3 hadi 4, njia ni sahihi lakini imekwama au ina kosa zito; 1 hadi 2, kuna dalili ya kulielewa swali; 0, hakuna kitu.

*Haki.* Mwanafunzi wa kwanza anapata pa kukaa: njia yake si ya kitabuni lakini imefika. Mimi nampa 5, mwenzangu anampa 6 kwa hoja kwamba upana ukikua eneo nalo linakua, kwa hiyo jibu lingine chanya haliwezekani. Ana hoja, ila mtoto hakuiandika. Wa pili na wa tatu wanakaa kwenye 5. Wa nne, 1. Hatari iko kwingine: ukisoma kwa jumla, mwandiko mzuri na kazi iliyopangwa vinakuvuta mkono. Rula na mistari miwili chini ya jibu vimeshampatia mtu nusu maksi ambayo hakuna anayekiri kuitoa.

*Uthabiti.* Kuchagua ngazi, walimu hukubaliana. Kuchagua 3 au 4 ndani ya ngazi, hapo ndipo wanapoachana. Dawa yake ni kuweka mezani karatasi halisi za mfano, moja kwa kila ngazi, na kila mwenye shaka anazirudia hizo badala ya kurudia maneno.

*Muda.* Ukishazoea ni nusu ya muda wa hatua.

*Darasani na utetezi.* Dhaifu. "Uko ngazi ya pili" haimwambii mtoto arekebishe nini, na mama wa Makorora angeniuliza swali lilelile mara ya pili.

Njia ya nne: mbili mbili kwenye mizani

Hii wengi hawajaiona, nami niliidharau mpaka nilipoijaribu. Huandiki maksi kabisa. Unawekewa karatasi mbili, unaulizwa moja tu: ipi imeonyesha hisabati bora? Unachagua, unaletewa mbili nyingine. Chaguzi nyingi za walimu kadhaa zikikusanywa, hesabu inazipanga karatasi zote kutoka ya juu hadi ya chini. Wazo ni la mwanasaikolojia wa Marekani, Louis Thurstone, aliyeliandika mwaka 1927. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi uone: mnunuzi anashika changu wawili, mmoja kila mkono, anajua mzito ni yupi. Muulize huyu ana gramu ngapi, atakucheka.

*Haki.* Inampokea mwanafunzi wa kwanza bila mwongozo kubadilishwa. Lakini kwa swali fupi lenye jibu moja haina maana yoyote. Huwezi kulinganisha tiki na tiki.

*Uthabiti.* Wa kushangaza, kwa sababu ukali wa mwalimu mmoja mmoja haupati pa kuingilia. Mkali na mpole wote wanalazimika kuchagua moja.

*Muda.* Piga hesabu. Karatasi 40 zina jozi 780 zinazowezekana. Hazihitajiki zote, kila karatasi ikionekana mara kumi inatosha kuanza, nazo ni chaguzi 200, kwa kuwa kila uchaguzi unatumia karatasi mbili. Walimu wanne, hamsini hamsini, chini ya saa moja na nusu ikiwa jibu ni la ukurasa mmoja. Ila kupanga matokeo kwa mkono ni mateso. Unahitaji kompyuta na mtu anayeielewa.

*Darasani.* Mtoto anarudishiwa nafasi, hajui kosa.

*Utetezi.* Jaribu kumwambia mzazi "karatasi ya mwanao ilishindwa na ya jirani mara saba". Mimi sithubutu.

Wanne wetu kwa njia tatu zinazotoa maksi

| Mwanafunzi | Tiki au kosa | Hatua | Viwango |
|---|---|---|---|
| Wa kwanza (8 × 15) | 6 | 1 | 5 au 6 |
| Wa pili (170) | 0 | 5 | 5 |
| Wa tatu (8 au −15) | 0 | 5 | 5 |
| Wa nne (alijumlisha) | 0 | ½ | 1 |

Tazama safu ya pili na ya tatu za mwanafunzi wa kwanza. Kutoka 6 hadi 1, na hajabadilisha herufi.

Karatasi nzima au swali kwa swali?

Uamuzi huu unakwenda na njia yoyote uliyochagua, na kwa maoni yangu una uzito kuliko watu wanavyoudhani. Ukisahihisha karatasi nzima ya mtoto mmoja, swali la kwanza likiwa zuri unalisoma la tano kwa huruma. La kwanza likiwa ovyo, la tano unalisoma umeshakunja uso. Mwalimu mmoja akishika swali la 1 kwa shule zote, mwingine la 2, ukali wake unawaangukia watoto wote sawa, na mgawo wa maksi anaukariri baada ya karatasi ishirini. Hasara yake ni uchovu. Kusoma shamba lilelile la Muheza mara mia tatu kunakufanya uanze kutoa tiki kwa mazoea. Ukiwa peke yako fanya vivyo hivyo: maliza swali la 1 kwa darasa zima, pindua rundo, anza la 2 kutoka chini ili aliyekuwa wa mwisho asibaki wa mwisho siku nzima.

Na funika majina. Namba ya mtihani inatosha.

Ukiwa katika hali ipi

Kama ni jaribio la Ijumaa, maswali kumi mafupi, wanafunzi 120 na wewe mmoja, tiki au kosa inakutosha. Waache hata wabadilishane madaftari wasahihishane.

Kama ni mtihani wa muhula au wa utamirifu (mock) kwa muundo tuliouzoea, maswali 10 ya maksi 6 sehemu A na 4 ya maksi 10 sehemu B, hatua ndizo zitakazokuokoa, hasa kwa wale wanaocheza karibu na 30 na 45. Andika kwenye mwongozo mambo matatu kabla ya kuanza: kazi safi iliyofuata kosa inalipwa vipi na malipo hayo yanaishia wapi, majibu yapi ya makadirio yanakubalika, na nusu maksi zinapojumlishwa mnapandisha au mnashusha. Hilo la tatu likiachwa, mwenye 29½ ataamuliwa na anayejumlisha.

Kama swali linasema "eleza" au "thibitisha", au umewapa kazi ya kukusanya takwimu za bei sokoni na kuzifafanua, viwango vinafaa zaidi, karatasi za mfano zikiwa mezani. Hakuna dhambi kuchanganya: hatua kwa maswali 12, viwango kwa mawili.

Kama mko shule kadhaa na mnataka kujua wanafunzi wa mwaka huu wanafikiri vizuri kuliko wa mwaka jana, chukueni jibu moja refu la kila mwaka mpime mbili mbili. Maksi za mitihani miwili tofauti hazitawaambia hilo.

Kama mko wengi na mnashakiana, tengeni karatasi kumi zisahihishwe mara mbili. Wa kwanza aandike maksi zake kwenye karatasi ya pembeni, maana ukiona 4 nyekundu tayari ipo, mkono wako nao utaandika 4.

Na kama katikati ya rundo mwongozo unakutana na jibu usilolitarajia, simamisheni kazi. Sisi tulisimama kwa yule wa 8 × 15. Baada ya ubishi wa dakika kumi tuliongeza mstari chini ya mwongozo kwa kalamu: *jaribio lililothibitishwa kwa masharti yote mawili, maksi 5*. Kisha tukayaondoa mawe juu ya marundo, tukazirudia karatasi zote zilizokuwa zimeshapita. Tulikuta wengine watatu.